Samaki wanane kutoka kwenye chungu cha ua lililokauka

Ni saa tisa alasiri, na Fundi Barafu amelala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule yake, tochi mkononi, shavu moja limegusa saruji. Mbele yake kuna friji kuukuu iliyolazwa chali, imeng'olewa mlango na kujazwa maji hadi nusu. Haiungurumi, wala haijaletwa kutengenezwa. Ubavuni mwake amekata dirisha dogo, ukubwa wa daftari la shule, akaliziba kwa kioo, na hapo ndipo alipokodoa macho.

"Watano, sita… usitembee," anasema bila kugeuza kichwa.

Mgeni aliyekuwa akiingia anabaki amesimama kwa mguu mmoja. Viatu, anaambiwa, vivuliwe nje. Sakafu ikitikisika samaki hukimbilia pembeni na hesabu inaanza upya.

"Saba. Nane." Fundi anazima tochi, anajigeuza chali na kushusha pumzi. "Wote wapo."

Hesabu hii huifanya mara tatu kwa siku. Mkewe, mwalimu wa shule ya chekechea, anasema watoto wao wawili hawakuwahi kuhesabiwa namna hiyo, hata walipokuwa wakipotea sokoni.

Samaki wenyewe hawazidi urefu wa kidole cha mwisho cha mtu mzima. Madume matatu yana mikia myekundu na mwili wa samawati unaometameta, majike matano ni ya kijivu, hayana hata alama. Kwa kadiri Fundi Barafu na wafugaji wenzake wanavyojua, hawa wanane ndio wote waliobaki wa aina yao. Miezi mitatu iliyopita hesabu ilikuwa sifuri, na aliyeifikisha hapo ni yeye.

Fundi Barafu ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini na miwili ametengeneza friji za maduka, za mabucha na za majumbani. Friji isiyotengenezeka huachiwa yeye, naye huilaza chali, huipiga brashi na kuijaza maji. Sebuleni ziko tatu, barazani mbili. Wageni wasiojua huingia, huziona zimejipanga ukutani kama majeneza, na huanza kutoa pole za msiba.

"Watu wengine wana makochi," anasema mkewe.

Ili kuelewa shida iliyowapata, lazima kwanza kumwelewa samaki huyu, ambaye fundi humwita samaki wa mvua. Haishi mtoni wala ziwani. Huishi kwenye dimbwi la mvua, lile la kando ya njia ambalo watu hulikanyaga wakilaani viatu vyao. Dimbwi likijaa, vitoto vinaanguliwa. Mwezi ukipita, vimekomaa. Kuanzia hapo kila siku dume na jike hujichimbia topeni wakaacha yai moja moja, mbiombio, kwa sababu muda hautoshi. Dimbwi likikauka hufa wote, wazazi kwa wajomba. Kinachobaki ni mayai, yamelala ndani ya udongo mkavu hadi mvua nyingine.

Anayemfuga nyumbani hana budi kuiga mchezo huohuo. Fundi huweka ndani ya friji bakuli la unga wa makumbi ya nazi uliochemshwa, ambao wafugaji huuita udongo, na samaki hutaga humo. Baada ya wiki mbili huutoa, huukamua hadi ubaki na unyevu wa tumbaku ya kusokota, huufunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuhifadhi kabatini kwa miezi mitano. Siku ikitimu humwagia maji ya baridi, na jioni yake vitoto vinaogelea.

"Kwa hiyo kuna miezi kila mwaka ambayo sina samaki hata mmoja," anaeleza. "Nina mfuko wa uchafu. Ukinikuta naulinda ule mfuko utasema nimerukwa na akili."

Alimpata samaki huyu miaka sita iliyopita, kwa bahati ya mikono michafu. Alikuwa ametoka kutengeneza friji ya soda kwenye duka la pembezoni mwa mji, mikono imejaa mafuta ya kompresa, akasimama kando ya barabara ya udongo anawe. Akachutama kwenye dimbwi. Kitu chekundu kikapita katikati ya vidole vyake.

Hakuwa na ndoo. Alimwaga chai iliyokuwa kwenye chupa yake, akaisuuza, akavua samaki kumi na mmoja kwa kofia na kurudi nao nyumbani. Chupa hiyo haijarudi jikoni mpaka leo.

Aliyemwambia ana kitu cha ajabu ni rafiki yake Dobi, mwenye chumba cha kufulia mtaa wa pili na mfugaji wa samaki kwa miaka mingi kuliko yeye. Dobi aliwatazama kwa lenzi, akawatazama tena. Akawapiga picha na kuzituma kwa wafugaji anaobadilishana nao mayai kwa bahasha, karibu na mbali. Majibu yalirudi yakifanana. Hakuna aliyekuwa naye, na hakuna aliyewahi kumwona.

Kuanzia hapo wawili hao walitumia Jumapili zao kuzunguka na wavu wa kitambaa cha pazia. Wamepima madimbwi arobaini na matatu. Wamefukuzwa na mbwa, wamedhaniwa wezi wa ng'ombe, na Dobi aliwahi kuzama topeni hadi kiunoni akavutwa kwa kamba ya gari. Samaki mwenye mkia ule hawakumpata kwingine.

Mwaka jana barabara ya udongo ikapanuliwa. Fundi alipopita hapo mwezi uliofuata, dimbwi lilikuwa limejazwa kifusi na kushindiliwa. Sasa ni maegesho ya malori. Anasema alisimama pale muda mrefu hata mlinzi akamuuliza kama anasubiri mzigo.

Bado hakuwa na wasiwasi sana, maana wafugaji hawa wana desturi yao: mayai ya samaki adimu hayakai nyumba moja. Mfuko mmoja ulikuwa kwake, mwingine kwa Dobi. Lakini Dobi, siku ya kuumwagia maji mfuko wake, alichukua beseni ambalo asubuhi yake lilikuwa limeloweka mashuka ya nyumba ya wageni. Aliliosha mara mbili. Haikutosha.

"Mimi dobi mzima, naua samaki kwa dawa ya nguo nyeupe," anasema, na hata leo hacheki. "Nilikaa wiki nzima siwezi kumpigia simu."

Ukabaki mfuko mmoja kwenye kabati la Fundi Barafu.

Hapo ndipo kazi kubwa ikajitokeza, kazi ya kufunga vyumba vya baridi kwenye ghala la dawa katika mji wa mbali. Alisema atakuwa huko wiki mbili. Vifaa vikachelewa, umeme ukasumbua, wiki mbili zikawa saba. Siku ya mayai ikafika akiwa huko. Mkewe alimpigia simu akajitolea kuyamwagia maji yeye mwenyewe, maana ameona ikifanywa mara tano na anajua hata joto la maji. Fundi alikataa. Alisema atawahi.

"Hicho kilikuwa kiburi," anakiri. "Nilitaka iwe mikono yangu. Hakuna sababu nyingine."

Aliporudi aliufungua mfuko kabla hajavua koti. Mayai ishirini na matatu, yote yana macho, maana yai lililokomaa huonyesha macho mawili yenye duara la dhahabu. Akayamwagia maji. Hadi saa kumi jioni vitoto kumi na tisa vilikuwa vimetoka, na nyumba nzima ikashangilia.

Kesho yake furaha ikaingia doa. Vitoto havikuogelea. Vilikuwa vimelala chini, vinajiburuta kwa tumbo kama vinatafuta kitu kilichodondoka. Mayai yakikaa sana baada ya siku yake, vitoto hutoka vimechoka, haviwezi kupanda juu kuvuta ile hewa ya kwanza. Wafugaji huviita watambaazi, na hakuna dawa. Fundi alipunguza maji, akaongeza, akabadilisha. Siku ya nne hapakuwa na hata kimoja kilicho hai.

"Nimeona friji nyingi zikifa, sijawahi kutoa chozi," anasema. "Siku ile nililia. Sioni haya kusema."

Alisafisha kila kitu. Beseni akaliosha, lenzi akairudisha kwenye kasha, na ule unga wa makumbi akaukamua, akautia kwenye ndoo, akaiweka ndoo kwenye mlango wa nyuma. Hakufikiri. Ndipo ndoo ya unga uliokwisha kazi inapowekwa siku zote, kwa ajili ya mama mkwe.

Mama mkwe wake, karani wa masjala mstaafu, alihamia kwao miaka minne iliyopita. Kwa miezi ya mwanzo yeye na mkwewe hawakuwa na la kuzungumza zaidi ya salamu na hali ya hewa. Kisha siku moja mama aligundua kwamba unga ule wa samaki unastawisha maua kupita mbolea ya dukani. Tangu hapo ndoo ikawa ndiyo mazungumzo yao. Fundi huiacha mlangoni, mama huichukua, na wakati wa chakula mama husifu ua fulani. Vyungu kumi na kimoja vimepanda ngazi za nje mpaka juu, kila mmoja nyumbani ana ua lake la kumwagilia, na anayelisahau husemwa wiki nzima.

Siku tisa zilipita. Dobi akaja kutoa pole, akakaa barazani, akanywa chai. Alipokuwa akivaa viatu aondoke, akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Na udongo umeuweka wapi?"

Fundi Barafu anasema aligeuka kuutazama mlango wa nyuma. Kila mfugaji wa samaki wa mvua anajua kwamba mayai hayaamki yote kwa pamoja. Machache hulala usingizi mzito, yasiyo na macho bado, madogo kiasi kwamba lenzi inaweza kuyapita, yakisubiri mvua ya pili endapo ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo udongo hautupwi. Hukaushwa tena, hufungwa tena, husubiriwa tena. Ni somo la kwanza kabisa, na yeye ndiye aliyewafundisha vijana watatu mtaani. Siku ile ya huzuni lilimtoka kichwani moja kwa moja.

Udongo sasa ulikuwa kwenye vyungu vya mama mkwe. Na mama mkwe ni mama mkwe. Mwanamume hawezi kuamka tu akaanza kung'oa maua yake.

Alimwendea mkewe kwanza, kwa sauti ya chini, jikoni. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akakata kauli.

"Mama ni wangu, lakini maua ni yake. Nenda mwenyewe."

Akaenda. Alimkuta mama kwenye kiti chake chini ya ngazi, akapiga magoti nusu, akaanza na afya ya mama, akapitia mvua, akafika kwenye bei ya mbolea. Mama akamwambia aseme alichojia, kwani chai inapoa. Alipoeleza, mama hakupandisha sauti. Alisimama, akavaa miwani, akaonyesha vyungu alivyovijaza kutoka ndoo ile. Alifanya kazi ya ukarani miaka thelathini na mmoja na, kwa maneno yake, hakuwahi kupoteza jalada.

Vyungu vilikuwa vitatu. Walimwaga udongo wake kwenye magazeti, fundi, mkewe na Dobi, wakaupekua kwa lenzi alasiri nzima, maua yamelazwa pembeni yameinamisha vichwa. Vyungu hivyo vilikuwa vimemwagiliwa asubuhi na jioni, siku tisa, juani. Kama kulikuwa na mayai, yalikuwa yameoza. Hawakupata kitu.

Mama aliwatazama wakirudisha udongo. Alisema pole. Kisha akaingia chumbani kwake, na chakula cha jioni hakukila.

Siku mbili baadaye, mchana, fundi alikuwa peke yake sebuleni akitoa maji kwenye friji aliyoamua kuiuza kama chuma chakavu. Mama mkwe akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kwa gazeti.

"Baba, naomba usicheke," alisema. "Vyungu vilikuwa vinne."

Ilikuwa hivi. Kwa miezi mingi alikuwa akimwomba jirani tawi la waridi lake, waridi ambalo mtaa mzima unalimezea mate. Jirani mwishowe akampa. Mama akalipanda kwenye chungu kipya, akakijaza kwa udongo mzuri kuliko wote, ule wa ndoo ileile, akakiweka uvunguni mwa ngazi kwenye kivuli ili tawi lishike mizizi. Akasahau. Alipokumbuka, lilikuwa kijiti. Na jirani kila asubuhi humuuliza waridi linaendeleaje, naye kila asubuhi hujibu kwamba linaendelea vizuri. Basi akakisukuma chungu nyuma ya mifagio, akaomba Mungu kisionekane.

"Mimi ninayewasema wenzangu," alisema mama. "Nilikaa siku mbili nachagua aibu ipi niibebe."

Fundi hakucheka. Aliondoa gazeti, akachomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa mkavu juu, na chini una unyevu kidogo tu, unyevu wa tumbaku.

Akamvutia mama kiti.

Waliumwaga udongo mezani, wao wawili. Mama ndiye aliyeshika lenzi, fundi akitandaza udongo kidogo kidogo. Yai la kwanza alilipata yeye, tone dogo safi kama kichwa cha pini. Yakafuata mengine. Yalipofika tisa udongo ukaisha, nao wakabaki wanatazamana, mtu na mkwewe, machozi yanawatoka na wote wawili wanajifanya ni vumbi.

Wiki saba zikafuata, ambazo mkewe anasema hataki kuzikumbuka, kwa jinsi kabati lile lilivyofunguliwa na kufungwa. Safari hii fundi hakukubali kazi ya mbali, ingawa aliitwa mara mbili. Mayai yalipotoa macho hakungoja hata siku moja ya ziada, na kopo la maji ya baridi alimkabidhi mkewe.

"Mimi sikugusa," anasema. "Nilikaa nje kwenye ngazi na Dobi."

Vitoto vinane vilitoka. Yai moja halikuamka. Lakini hakuna aliyeruka kwa furaha, maana hata wale kumi na tisa walitoka. Walisubiri usiku upite. Asubuhi mkewe alikuwa wa kwanza kuchungulia, na fundi, akiwa bado kitandani, alimsikia akimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo halitumii ila jambo likiwa kubwa.

Walikuwa juu. Wote wanane, wamening'inia chini ya uso wa maji, wakikimbizana na vijidudu.

"Nililala tena," anasema Fundi Barafu. "Nililala mpaka saa nne. Sikumbuki mara ya mwisho kulala vile."

Leo, wiki ya sita, sebule hii ina utulivu wa nyumba ambayo mgonjwa wake amepona. Friji iliyotaka kuuzwa haikuuzwa. Watoto wa mtaa huleta makopo ya viluwiluwi vya mbu kulisha samaki, jambo lililowafurahisha majirani wasiojali samaki hata kidogo. Jirani mwenye waridi alielezwa ukweli wote na mama mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta, akakata tawi jingine.

Saa kumi fundi anaingiza mkono kwenye maji na kutoa bakuli la kwanza la unga. Anaukamua taratibu, anautandaza kwenye gazeti, anasogeza lenzi. Anaanza kuhesabu kwa midomo tu, anafika sitini, anaacha.

Unga unagawanywa mifuko mitatu. Mmoja ni wa Dobi, ambaye amenunua beseni jipya na kuliandikia jina ili lisiguse sabuni. Wa pili unabaki kabatini. Wa tatu ndio wenye mpango ndani yake: nyuma ya shule anakofundisha mkewe kuna bonde dogo linalojaa maji kila msimu wa mvua na kukauka kila kiangazi. Fundi amelichunguza miaka miwili. Halina samaki wengine, na mwalimu mkuu ameahidi kwa maandishi kwamba halitafukiwa. Mayai yakikomaa, mfuko huo utapelekwa huko na kumwagwa bondeni kabla ya mvua.

Mama mkwe ndiye anayeandika lebo. Ameleta kalamu yake ya wino na karatasi ngumu, na kila mfuko unapata namba, tarehe, idadi, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, neno USIMWAGILIE. Anaukagua wa tatu mara mbili, halafu badala ya kuurudisha mezani anauweka mapajani. Huu, anasema, utakaa kwenye sanduku lake la nguo. Hakuna anayebisha.

Fundi anamuuliza kama siku ya kwenda bondeni atataka kuja.

"Nije? Udongo nitaumwaga kwa mkono wangu," anasema, akivua miwani. "Kumwagilia ndiyo naiachia mvua. Mimi na kumwagilia mnatujua."